Majengo tumejenga, mkoa utuletee watumishi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakubwa wa mkoa wetu wa Kilimanjaro, hasa ofisi ya Katibu Tawala.

Viongozi wa mkoa wakipanda huku mlimani kukagua miradi ya afya, maswali ni yale yale: boma limefika wapi, saruji imetumikaje, fundi mbona hayupo saiti. Mhandisi anafokewa, mtendaji wa kata anafokewa, picha zinapigwa, msafara unateremka mjini. Sijasikia hata siku moja mtu akiuliza: likishakamilika, nani atafanya kazi humu ndani?

Zahanati ya kwetu, ambayo siitaji jina nisije nikamponza mtu, tuliianza kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Wanaume walisomba mawe, akina mama maji na mchanga, na waliorudi nyumbani Desemba wakachangishwa mabati kabla hata mbuzi hajachinjwa. Serikali ikamalizia, tunashukuru. Leo ina muuguzi mmoja. Ndiye anayepima wajawazito, ndiye anayechanja watoto, ndiye anayegawa dawa, na jioni ndiye anayejaza vitabu vya MTUHA, vya takwimu za huduma. Akiitwa semina Moshi, mlango unafungwa na watu wanarudi na kadi zao. Kitanda cha kujifungulia bado kimevaa nailoni yake ya dukani, kwa sababu hakuna mama atakayetegemea mahali ambapo hana hakika kama usiku kutakuwa na mtu. Anapanda bodaboda kwenda hospitali ya misheni, au anashuka mpaka Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa.

Huku tumezoea kumbebesha diwani lawama zote. Kuna zinazomhusu, maana zahanati na vituo vya afya viko chini ya halmashauri. Na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, zinazochangwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kwa hiyo hata kamati zetu za vituo zina la kujibu. Ila diwani hawezi kumchukua tabibu wa halmashauri ya jirani akamleta kwake. Mkoa huu una halmashauri saba, na anayeweza kumtoa mtumishi halmashauri moja akampeleka nyingine ndani ya mkoa ni Katibu Tawala. Mamlaka hayo sisi huku tunayasikia zaidi mtumishi anapohamia mjini kumfuata mwenzi wake. Ni haki yake, sibishi. Lakini anayepandishwa huku kuziba nafasi yake yuko wapi?

Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 iliitaka sekretarieti ya mkoa iwe mshauri na mwezeshaji wa halmashauri, siyo mnyapara wake. Kwenye afya kazi hiyo ina uzito wa pekee. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya viko TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri. Hospitali za rufaa za mikoa zilihamishiwa Wizara ya Afya mwaka 2017. Mgonjwa akipewa rufaa anavuka kutoka wizara moja kwenda nyingine, bila yeye kujua wala kujali. Mganga Mkuu wa Mkoa ndiye aliyekaa mahali pa kuiona njia yote, kuanzia kwa muuguzi wetu mmoja mpaka wodini. Akikagua, atuambie upungufu uko wapi.

Halafu kuna hospitali za makanisa: Kibosho, Kilema, Machame, Huruma kule Rombo. Kabla ya kuanza msingi wa kituo kipya jirani na hospitali ya namna hiyo, mkoa uwakalishe halmashauri na wenye hospitali wazungumze mkataba wa huduma, ili wajawazito na watoto chini ya miaka mitano watibiwe pale bila malipo kama sera inavyosema. Najua mkataba haukatiwi utepe.

Ombi langu ni moja. Ikama ya kila zahanati na kila kituo cha afya ibandikwe ofisi ya kata: wanaotakiwa wangapi, waliopo wangapi. Kisha kibali cha boma jipya kisitoke mpaka yale yaliyokwisha kuezekwa yapate watu.

Mkutano mkuu wa kijiji chetu unakuja, na mtendaji ameshatangaza ajenda: mchango wa nyumba ya mganga. Nitachanga, maana mtumishi asiye na pa kulala hakai. Ila siku hiyo nitanyoosha mkono nitake kuona barua ya mkoa inayosema huyo mganga anatoka halmashauri gani na anaripoti lini.

Msomaji wako,
Moshi Vijijini