Mvuke wa Olkaria unapotea usiku

Mhariri,

Tangu umeme ukatike nchi nzima Agosti 2023, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukawa gizani, dawa yetu imebaki ile ile: jenereta ya dizeli. Stima ikipotea, pitia mtaa wowote wa maduka uone: moshi mlangoni, kelele, na mwenye bucha akihesabu lita.

Ipo njia nyingine, seli za haidrojeni. Hazichomi kitu. Haidrojeni huingia upande mmoja, oksijeni ya hewani upande wa pili. Zikikutana hutoa umeme, joto na maji. Wanaanga wa Apollo walipata umeme hivyo, na maji yake wakayanywa.

Sisemi zitamaliza upungufu wa umeme. Haidrojeni lazima itengenezwe, na ikitengenezwa kwa gesi asilia hewa chafu iko pale pale. Lakini Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini, usiku mahitaji yakishuka, mvuke huachiwa uende zake angani. Umeme wa mvuke huo ungetenganisha maji, tukahifadhi haidrojeni. Nguvu nyingi hupotea njiani, kweli, ila mvuke wenyewe tayari unapotea!

Serikali ilizindua mkakati wa haidrojeni ya kijani, yaani inayotengenezwa kwa umeme safi, mwaka 2023, ukaegemea zaidi kuitumia kutengeneza mbolea. Sawa. Naomba wizara ijaribu pia hospitali moja ya kaunti: chumba cha upasuaji na friji ya chanjo, bila dizeli. Gharama zake zichapishwe magazetini, tuzipime wenyewe.

Msomaji,
Naivasha