Mhariri, mchezaji wa 44 naye alikuwepo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Wiki iliyopita gazeti lenu liliandika aya mbili juu ya mashindano ya sataranji ya siku moja: nani kashinda, nani wa pili, nani wa tatu, na picha ya kombe. Sina ugomvi na habari hiyo, yote mliyoandika ni kweli. Ila ukumbini siku ile tuliingia watu 54, na mimi nilikuwa wa 44. Nataka kueleza yaliyotokea huku mkiani, maana ndiko wageni wanakoketi, na nina hakika wengine hawatarudi.

Mimi ni fundi cherehani, umri wangu miaka 51. Sataranji nilifundishwa na shemeji yangu, mume wa dada yangu, na kwa miaka tisa tumecheza jioni juu ya meza ile ile ninayokatia vitambaa. Nimemshinda mara nyingi kuliko alivyonishinda, ingawa ukimuuliza yeye atakuambia mengine. Kwa hiyo nilipoona tangazo kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kujiandikisha, nikajiandikisha bila wasiwasi. Nilijiona mchezaji. Kumbe miaka yote ile nilikuwa nacheza sataranji ya nyumbani kwetu, ambayo ni mchezo mwingine kabisa.

Tulianza kwa hotuba. Zilikwenda zaidi ya nusu saa, na katika nusu saa ile agizo pekee tulilopewa wachezaji lilikuwa moja: zimeni simu, ikilia umeshindwa. Hilo nalikubali, na baadaye nimesoma kwamba halimwonei mtu haya. Mwaka 2003, Ruslan Ponomariov, ambaye alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia wa FIDE, yaani shirikisho la sataranji la kimataifa, alipoteza mchezo katika mashindano ya timu za Ulaya kwa sababu simu yake ililia. Basi, simu tukazima. Mengine yote tuliachiwa tuyagundue wenyewe, kila mmoja kwa gharama yake.

Raundi ya kwanza nilipangwa meza ya 24 na mtoto wa miaka kumi hivi, miguu yake haifiki sakafuni. Ubavuni mwa ubao kuna saa yenye nyuso mbili: kila mmoja ana dakika 15, na kila akicheza anaongezewa sekunde 10. Kabla hatujaanza, mtoto akamsogeza farasi wake akae vizuri katikati ya mraba, akasema, "Jadubu." Nikadhani ananitajia jina lake. Nikamtajia langu na kumpa mkono. Akanitazama, akaupokea kwa adabu zote. Mchana ndipo nikajulishwa kwamba hicho ni Kifaransa, maana yake "nasawazisha". Mtu hukisema kabla ya kurekebisha kete, ili mwenzake asije akadai ameigusa kwa nia ya kuicheza.

Nikacheza, nikakunja mikono, nikasubiri. Mtoto naye akasubiri. Tukawa tunatazamana hivyo mpaka akaniashiria saa kwa kidevu. Nilikuwa sijaibonyeza, na dakika zilizokuwa zikikatika ni zangu. Mara tatu katika mchezo ule alinionyesha saa, na mara ya mwisho nilikuwa naibonyeza kwa mkono wa kushoto huku nimecheza kwa wa kulia, akaninong'oneza kwamba hairuhusiwi: mkono uliosogeza kete ndio unaobonyeza saa.

Kisha nikamwita mwizi. Askari wangu alikuwa ameruka miraba miwili kwa mpigo, akasimama sambamba na askari wake. Mtoto akamsogeza wa kwake kimshazari hadi mraba mtupu ulio nyuma ya wangu, halafu akamwokota askari wangu na kumweka kando. "Mwanangu," nikasema, kwa sauti iliyofika meza za mbele, "huo ni wizi." Mwamuzi akaja mbio. Kumbe sheria hiyo ipo, na ina karne kadhaa: askari akijaribu kumpita jirani yake kwa kuruka hatua mbili, jirani ana haki ya kumla kana kwamba alisogea hatua moja tu. Ila haki hiyo ni ya papo hapo, zamu ikipita imepita. Nikamwomba mtoto radhi. "Si kitu, bibi," akasema, "wengi hawaijui." Hilo "bibi" liliniuma kuliko kushindwa.

Raundi ya pili mpinzani wangu alikuwa mwanamume wa makamo, mkimya, kalamu mfukoni. Hapa lazima nieleze kuhusu mikono yangu. Kitambaa hakijulikani kwa macho. Unakishika, unakivuta, unakikunja, unakipima uzito kiganjani, ndipo unajua kitakaaje mwilini. Miaka thelathini ya kazi hiyo imenizoesha kufikiri kwa vidole, na kwenye ubao nafanya vivyo hivyo: namwinua askofu, namwacha aning'inie hewani, namrudisha, namshika farasi. Shemeji hufanya hayo pia. Sisi nyumbani tuna neno letu, "rudisha", na halijawahi kuleta ugomvi.

Nikamwinua malkia. Nikamzungusha, nikaona sipendi, nikamrudisha.

"Umegusa," akasema yule bwana.

Alikuwa na haki. Kete yako ukiigusa kwa makusudi, unaicheza hiyo hiyo maadamu ina pa kwenda. Ukigusa ya mwenzako, unaila kama unaweza. Malkia wangu alikuwa na pa kwenda, lakini kila nilipomtazamia palikuwa na kete ya kumla. Nikamweka penye hasara ndogo, na mchezo ukaishia hapo, ingawa ubaoni uliendelea kwa hatua kumi nyingine. Katikati nikasahau saa tena. Yeye akakunja mikono, akatazama dari. Niliposhtuka, dakika nne zilikuwa zimekwenda. Hakuna sheria inayomtaka anikumbushe, kwa hiyo kisheria simlaumu. Namlaumu kwa namna nyingine, ndogo, na nadhani mwenyewe anaijua.

Nimejiliwaza kidogo kwa kusoma. Mwaka 1994 huko Linares, Hispania, Garry Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia, alicheza na Judit Polgar, binti wa miaka 17. Kasparov akamweka farasi, akamwachia kwa muda usiofika hata sekunde, kisha akabadili mawazo na kumpeleka mraba mwingine. Kamera ilinasa. Polgar hakumwita mwamuzi, na akashindwa. Kama mikono ya Kasparov ilimponyoka, ya fundi cherehani je?

Sasa nafika kwenye sababu ya barua hii. Nilipopoteza mara mbili nilijua nimetolewa. Mashindano mengi ninayoyajua mimi ni ya mtoano, aliyepigwa anakwenda nyumbani. Nikachukua mkoba. Pale mlangoni kijana aliyekuwa akibandika karatasi za ratiba akaniuliza, "Mama, raundi ya tatu hiyo inaanza, unakwenda wapi?" Akanieleza kwamba tunacheza kwa mfumo wa Uswisi, ulioanza kutumika Zürich mwaka 1895. Hakuna anayetolewa. Wote wanacheza raundi zote saba, na kila raundi unapangwa na mwenye pointi sawa na zako au zinazokaribia. Walioshinda wanakutana na walioshinda, na sisi wa mkiani tunakutana sisi kwa sisi. Kwa mgeni ni mpango mwema kuliko wote ninaoufahamu: kadiri unavyoshindwa ndivyo unavyopata watu wa kiwango chako. Lakini faida yake huipati usipojua upo.

Meza ya 25, jirani yangu wa raundi ya kwanza, alikuwa bwana mmoja mwenye koti la kijivu. Alikuja na ubao wake mwenyewe kwenye mfuko wa kitambaa, akidhani kila mtu huja na wake. Aliposhindwa alimpa mpinzani mkono, akavaa koti, akabeba mfuko wake, akaondoka taratibu kama mtu aliyemaliza shughuli. Raundi ya pili jina lake lilikuwapo kwenye karatasi. Kiti kikabaki kitupu, saa yake ikahesabu mpaka muda ukamwishia. Raundi ya tatu wakamfuta.

Alipofutwa tukabaki 53. Idadi hiyo haigawanyiki kwa mbili, hivyo mmoja lazima akose mpinzani, na huyo hupewa pointi nzima bila kucheza. Kwa kawaida anachukuliwa kutoka chini, na chini nilikuwapo mimi. Kwa hiyo, Mhariri, pointi yangu ya kwanza katika maisha ya mashindano niliipata kwa sababu mtu mmoja alikwenda nyumbani bila kuambiwa kwamba bado anacheza. Nimeitazama pointi ile kwenye karatasi ya matokeo na sijaifurahia hata siku moja.

Kwa kuwa sikuwa na mchezo, nikasimama nyuma ya meza ya kwanza. Siwezi kudai nilielewa walichokuwa wakicheza. Niliangalia mikono. Mmoja alikuwa ameikalia yote miwili, kabisa, chini ya mapaja, na aliitoa pale tu alipokuwa amekwisha kuamua. Mkono unatoka, kete inasogea, saa inabonyezwa, mkono unarudi chini. Nikasema, kumbe hata hawa vidole vinawawasha.

Raundi ya nne nilimtafuna mpinzani wangu kete zote, akabaki na mfalme peke yake pembeni. Nikamleta malkia karibu. Mfalme hakuwa ameshikwa, ila hakuwa na mraba wa kukanyaga. Kwetu nyumbani hapo mchezo umekwisha na mimi nimeshinda, na shemeji atatafuta kisingizio. Mwamuzi akasema sare. Nusu pointi. Nilikaa pale nikiutazama ubao wenye malkia wangu, ngome zangu mbili na mfalme wa watu asiye na kosa.

Raundi ya tano nilikalia mikono. Mchezo ulinichosha kama kushona gauni la harusi usiku, maana kila mara bega linataka kwenda na kiganja hakitoki. Nilimwona askofu wa mpinzani hana mlinzi. Kama ningekuwa nyumbani ningekwisha kumnyakua. Safari hii nikahesabu kwa macho, nikaona mtego: nikimla, ngome yake inashuka hadi mstari wangu wa nyuma na mfalme wangu hana mlango. Nikamsogeza askari mmoja tu kumfungulia mfalme dirisha. Hatua tano baadaye yule askofu nikamla bila deni. Nikashinda ubaoni, mbele ya mtu, kwa saa. Raundi mbili za mwisho nilipigwa, na sina la kusimulia.

Ombi langu kwa waandaaji ni dogo. Hotuba moja ipunguzwe, dakika 15 tu, asimame mwamuzi mbele ya ubao mkubwa awaeleze wageni kwamba ukigusa umecheza, saa ni jukumu lako, kumficha mfalme nyuma ya ngome huanza kwa kumgusa mfalme, si ngome, na mfalme aliyekosa pa kwenda bila kushikwa ni sare. Na kubwa kuliko yote, awaambie hakuna anayetolewa. Nawafahamu watakaosema mchezaji asome sheria mwenyewe. Ni kweli, nilipaswa. Lakini mtu haendi kusoma sheria za mchezo ambao ameucheza miaka tisa. Hajui kwamba hazijui.

Na kwenu gazetini: mkiandika habari za mashindano baada ya kwisha, tunajua nani kabeba kombe. Mkiyaandika wiki mbili kabla, na mistari michache ya namna yanavyoendeshwa, wasomaji watapata nafasi ya kwenda. Nimeambiwa mengine yanakuja, na nimekwisha kujiandikisha. Shemeji nimemwandikisha pia, ingawa kwa sasa hatusemeshani sana. Juzi aligusa ngome, nikamwambia, "Umegusa," akakunja ubao kete zikiwa juu yake.

Kama yule bwana wa koti la kijivu, meza ya 25, anasoma gazeti hili: hukuwa umetolewa. Ulikuwa umebakiza raundi sita.

Wako msomaji,
Fundi cherehani, meza ya 24
(Jina langu kamili unalo, Mhariri.)