Krismasi Njema kutoka Kisauni, Mombasa

Wapendwa wetu wa Machame, wa Dar, na nyote mliotawanyika, Bwana Yesu asifiwe.

Najua wiki hii simu zenu zina kazi moja tu: nani kapata tiketi, nani kakosa, nani anapanda na gari la nani. Desemba Mchaga hapangi safari. Anavutwa na mlima kama maji yanavyofuata mfereji, na pale stendi ya Magufuli hata aliyeapa mwaka jana kwamba harudi tena kwa nauli zile mtamkuta na mabegi yake. Mwaka huu mtafika mkute geti limefunguliwa na vijana, sisi wenye nyumba hatupo. Poleni. Mchinje hivyohivyo. Nani anapewa kipande gani mnajua, na msipojua muulizeni shangazi yenu kabla ya kisu kushuka, maana akikosewa yeye litasemwa hadi Pasaka.

Wengi mmeniuliza, kwa upole wa kuficha wasiwasi, hivi wazee wawili waliostaafu wanafanya nini Mombasa kutwa nzima? Mmezoea mmisionari ni mtu wa kuja na Land Rover na kujenga zahanati. Sisi hatujajenga hata banda la kuku.

Siku yetu inaanza na adhana ya alfajiri, maana msikiti uko nyuma ya nyumba na kipaza sauti kinatazama dirisha letu. Mwalimu, mume wangu, anasema hajawahi kupata kengele ya sala ya kuaminika kama hiyo. Tunasali wakati bado kuna ubaridi kidogo, kisha anashuka kumsubiri kijana wa mkokoteni wa maji. Maji hapa ni habari ndefu. Yale ya kisima ni ya chumvi, unafua nayo sabuni haitoi povu, unasugua kola ya shati hadi mkono unauma. Ya kunywa na kupikia tunanunua kwa mitungi, na nimejifunza kuosha mchele, maji yale nikaoshea vyombo, kisha nikamwagia mchicha wangu uliomo kwenye ndoo. Nyie mnaofungua bomba la maji ya mlimani na kuliacha likitiririka mkipiga simu, nawaona.

Chai tunakunywa na mahamri na mbaazi za nazi kutoka kwa mama wa ghorofa ya chini. Halafu ndiyo kazi, kama mtaiita kazi. Jumapili baada ya ibada nakaa kwenye benchi chini ya mwarobaini na mashine yangu ya presha, foleni ya kina mama inakuja, na mashine inapima presha ila maneno yanatoka yenyewe: mtoto aliyekwenda Saudia na hapigi simu, mume aliyeachishwa kazi bandarini. Naandika namba kwenye daftari na kusikiliza. Dawa sitoi, nawaelekeza kituo cha afya, na anayeogopa kwenda peke yake nakwenda naye. Mwalimu ana watoto wake wa kipaimara, pamoja na wazee watatu ambao hawakusoma na sasa wanataka wasome Zaburi kwa macho yao wenyewe. Mmoja amefika mahali pa kusoma mstari mzima bila kidole. Siku hiyo Mwalimu alirudi nyumbani akala kimya, nami nikamwacha.

Alhamisi tunavuka Likoni kwenda kwa kikundi cha maombi cha upande wa pili. Feri ya Likoni muione wenyewe. Mtembea kwa miguu halipi kitu, basi watu wanakusanyika chini ya lile paa, geti likifunguliwa wote wanateremka kwa mkupuo, na kule mbele meli ya makontena inapita ikielekea Kilindini, kubwa kama kijiji kimehama. Kwa magoti ya Mwalimu ule mteremko si mchezo. Kuna kijana anauza karanga pale. Hatumjui jina na wala si mtu wa kanisa letu. Akituona anaweka sinia lake chini, anamshika Mwalimu mkono hadi ndani, anamtafutia mahali pa kuegemea, anarudi mbio kwa karanga zake.

Tumeshafika Rabai pia, nje kidogo ya jiji, pale wamisionari wa Kijerumani Krapf na Rebmann walipofungua kituo chao mwaka 1846. Krapf alikuwa ametangulia Mombasa mwaka 1844, na Julai ya mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na kichanga chao upande huu wa bara, si mbali na tunapokaa. Rebmann ndiye aliyetoka Rabai akaiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848, akafika Kilema, na katika safari yake iliyofuata akawa kwetu Machame kwa Mangi Mamkinga, mtawala wetu wa wakati ule. Sisi nyumbani tunahesabu tangu wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, wa mwaka 1893, kumbe huyu alikuwa ameshapita na mwavuli wake zaidi ya miaka 40 kabla yao.

Mwalimu, kama mnavyomjua, ametengeneza hotuba papo hapo: Injili ilipanda mlima ikitoka pwani, sasa inashuka kurudisha shukrani. Washarika wanaipenda sana. Mimi naona ni maneno ya mwalimu. Lililonikaa moyoni ni jinsi mzee Rebmann alivyomaliza. Alikaa huku miaka 29 bila kwenda kwao. Mkewe akafia hukuhuku, mwaka 1866. Macho yakafifia hadi akawa wa kushikwa mkono, na alipoondoka mwaka 1875 aliongozwa na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo, mwana wa Abe Ngoa, aliyemsindikiza baharini hadi Ulaya. Habari za wamisionari zinapoandikwa husifiwa mlima uliogunduliwa (kana kwamba babu zetu hawakuuona) na kamusi zilizotungwa. Nyondo akibahatika anapata sentensi moja. Mimi ningempa sura nzima.

Na sisi tuna akina Nyondo wengi. Yule wa karanga. Mama wa chini, ambaye nilipougua malaria Agosti alinipikia uji kila asubuhi na kunifulia leso zangu bila kuniuliza. Dereva wa tuktuk anayekataa kutuacha barabarani, lazima atuingize hadi mlangoni. Wanaotuhudumia ni wengi kuliko tunaowahudumia, na nimeacha kulihesabu hilo kama upungufu wa utume wetu.

Majilio haya nimekuwa nikisoma Luka polepole na kuwatazama wazee. Sijui kwa nini sikuwaangalia zamani. Tukicheza igizo la Krismasi pale usharikani kila mtoto anataka kuwa malaika au mchungaji, Simeoni na Ana hakuna anayewagombania. Simeoni kazi yake yote ni kungoja. Ana ni mjane wa miaka 84, haondoki hekaluni. Hakuna kati yao aliyekwenda Bethlehemu. Walikuwepo tu mahali pao siku mtoto alipoletwa, wakampokea mikononi, wakawaambia watu. Siku hizi joto linaponikalisha kwenye kiti mchana kutwa mbele ya feni, nikiona sijafanya la maana, namkumbuka yule bibi.

Joto lenyewe ni la kaskazi, imeanza kuvuma, na maembe yameiva kila kona ya Kongowea. Krismasi yenyewe huku ni kinyume cha kwenu. Kwenu watu wanajaa, huku kanisa linapungua, kwa sababu washarika wengi ni wa bara na wameshapanda mabasi. Kwaya imebaki na sauti ya pili na besi mbili, na mmoja wa besi ni Mwalimu, kwa hiyo tuombeeni. Badala yao wanashuka watu wa Nairobi na treni kuja kuogelea, na ufukwe wa Pirates siku hiyo huoni mchanga, unaona vichwa. Sisi baada ya ibada tutakwenda bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, na wale waliobaki bila ndugu, tule mihogo ya kukaanga na pilipili na ndimu, tutazame meli. Mama wa chini ameshatangaza kwamba jioni pilau ni yake na mimi nisiwashe jiko. Ramadhani nilimpelekea futari, sasa ananilipa kwa sinia zima, na Idd itabidi nijipange.

Siwadanganyi kwamba hatuna hamu ya nyumbani. Kutoka hapa hadi Voi, Taveta, Holili, ukidamka unaingia Moshi jua bado liko juu. Huo ukaribu ndio unaouma. Lakini tuliahidi kukaa na wanaobaki, na wanaobaki huonekana Desemba.

Wajukuu, babu anawauliza nani atasoma somo la Krismasi usharikani, na asome kwa sauti, si kwa kunong'ona. Mkifika pelekeni mtori kwa jirani yetu wa juu, bado hajapona nyonga. Haluwa ya Mji wa Kale tumeikabidhi kwa jamaa anayepanda Moshi, iko kwenye mfuko wa kijani pamoja na leso za wakwe zangu. Igawanywe kwa haki, na wenye sukari waonje kidogo tu. Sitaji majina, mnajijua.

Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya.

Mama na Mwalimu, Mombasa