Tuchoreeni kikamulio cha mananasi kinachotengenezeka hapa hapa

Ndugu Mhariri,

Msimu wa mananasi ukishika, kando ya barabara ya Bagamoyo–Msata huwa marundo kwa marundo. Mnunuzi anazunguka zunguka, akisikia harufu ya kuiva sana ndipo anaposhusha bei. Mkulima afanyeje, na nanasi halingoji? Dawa ni kukamua, na hapo ndipo nina neno, mimi fundi wa kuchomelea wa Kiwangwa.

Kikundi cha akina mama kiliniletea kikamulio cha mkono walichopewa msaada. Kwa macho kizuri, kimepigwa rangi ya kijani. Lakini ndani ya sinia rangi ilishabanduka na kutu imeingia, maana asidi ya nanasi haina mswalie Mtume kwa chuma cha kawaida. Parafujo inashuka katikati ya kapu ikiwa imepakwa grisi. Jua likiwaka grisi ile inalainika, na chini yake ni juisi ya watu! Meno ya parafujo nayo yamelika, na mwenzake hatujampata hata Kariakoo.

Ombi langu kwa SIDO, shirika la viwanda vidogo, na vyuo vya ufundi vya VETA ni hili. Fremu iwe ya chaneli, vile vyuma vyenye umbo la U. Jeki ya lori isimame wima chini, isukume sinia kwenda juu mpaka tunda libanwe kwenye kibao kilichofungwa juu. Jeki ikivuja, mafuta yanadondoka ardhini, juisi inatokea kwenye mdomo wa sinia pembeni. Stenlesi ni ghali, basi iwe kwenye sinia tu. Vibao viwe vya mbao ngumu isiyo na harufu, tena bila vanishi. Jeki ikifa, atakayeitengeneza ni fundi gereji yeyote.

Na matumizi yafundishwe. Nanasi linatolewa maganda, linatwangwa, linafungwa kwenye kitambaa safi, tabaka juu ya tabaka na vibao katikati. Unapampu kidogo, unasubiri juisi ishuke, unapampu tena. Aliyewahi kukamua tui kwa kifumbu hahitaji kuelezwa zaidi; mwenye pupa atapasua kitambaa.

Najua zipo mashine za umeme. Mashamba yetu mengi hayajafikiwa na nguzo.

Michoro ibandikwe kwenye ofisi za kata, vipimo kwa milimita, maelezo kwa Kiswahili. Kukata na kuchomelea tuachieni sisi.

Fundi Chuma,
Kiwangwa, Pwani