Koili za kuchaji magari zianzie vituoni

Mhariri,

Wanaotaka koili za kuchaji magari ya umeme zifukiwe chini ya Barabara ya Nyerere hapa Mwanza waanze na vituo vya daladala, ambako gari husimama. Detroit, Marekani, ilianza mwaka 2023 na kipande cha takriban mita 400 tu.

Koili ni nyaya za shaba zilizoviringwa, zinazolazwa sentimita chache chini ya lami; kwa nguvu ya sumaku hupeleka umeme, bila waya, kwenye koili nyingine iliyo chini ya gari. Gari likisimama pembeni kidogo, umeme unaopokelewa hupungua. Mvua haizuii nguvu ya sumaku. Kinachoua mfumo ni maji kupenya kwenye maungio ya kebo, na lami kutitia hadi waya ukakatika. Mitaro kwanza, jamani! Nondo za zege nazo zikae mbali na koili: hupata moto na kula umeme bure.

Fundi umeme,
Nyegezi, Mwanza