Tails haiwaki kwenye Raspberry Pi, na flashi haina kosa

Mhariri,

Wanaochomeka flashi ya Tails, mfumo endeshi unaolinda faragha, kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM, wasilaumu flashi: mfumo huo umejengwa kwa prosesa za x86 za biti 64 tu. Debian, mfumo wa Linux ulio msingi wake, ina toleo la arm64 (prosesa za ARM za biti 64) tangu 2015, hivyo vifurushi vingi vya programu vipo. Kazi ni kuwasha. Kompyuta za kawaida hutafuta faili ya kuwashia iitwayo BOOTX64.EFI; za ARM zenye UEFI (programu ya ndani ya kompyuta inayoanzisha mfumo) hutaka BOOTAA64.EFI. Raspberry Pi 4 haiji na UEFI, husoma faili ya mipangilio config.txt kwenye sehemu ya diski ya aina ya FAT, kisha huipa kerneli (kiini cha mfumo) faili ya dtb inayoeleza vifaa vya bodi. Dtb ikiwa ya bodi nyingine, mara nyingi skrini hubaki nyeusi.

Halafu kuna anwani ya MAC, namba inayotambulisha kadi ya mtandao, ambayo Tails huibadilisha ili kumficha mtumiaji: ubadilishaji wake ujaribiwe kwa kila chipu ya Wi-Fi. Ukishindikana, Tails huizima kadi hiyo, na ndivyo inavyopaswa.

Msomaji, Mombasa