Barua ya wazi kwa makocha vijana wa timu za vyuo

Wanangu makocha,

Nimeudhika, na sifichi. Juzi kocha wa chuo kimoja kawatoa vijana wake kwenye mtihani wakacheze bonanza. Mmoja akauliza, "Kocha, na mtihani wangu?" Akajibiwa, "Utarudia mwakani." Watu wakacheka. Wakacheka!

Mnamjua Eddie Robinson wa Grambling, chuo cha Wamarekani weusi kule Louisiana? Mpira wao ni ule wa kofia ngumu na kuangushana, si huu wetu, lakini ukocha ni ule ule. Baba yake alilima shamba la mtu kwa kugawana mavuno. Yeye alikuwa kibarua kwenye kinu cha chakula cha mifugo, senti 25 kwa saa, hadi alipopewa timu mwaka 1941, akiwa na miaka 22. Alifyeka majani ya uwanja mwenyewe. Safarini aliwatengenezea vijana mikate, maana migahawa ya Wazungu huko Kusini haikuwapokea. Msimu wa kwanza alipoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda; wa pili hakufungwa hata pointi moja. Alistaafu 1997 na ushindi 408.

Najua hiyo 408 ndiyo mtakayoshika. Mimi nashika kengele. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Robinson alipita bwenini akigonga kengele ya ng'ombe, vijana waamke waende darasani. Si mazoezini, jamani, darasani! Wewe unajua beki wako ana sapu ngapi, ile mitihani ya kurudia? Goti lake unalijua, matokeo yake huyajui. Zaidi ya vijana 200 wa Robinson walifika ligi ya kulipwa, akiwemo Doug Williams aliyetwaa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, mwaka 1988. Wengine wengi hawakufika, na maisha yao yalitegemea ile kengele.

Mengine mnayajua: msikope hela za wachezaji, msinywe nao, msimtukane mwamuzi. Tulieni na wake zenu. Robinson na Doris wake walidumu zaidi ya miaka 60.

Nanyi wakuu wa vyuo msijifiche nyuma ya kocha. Mnampa posho ya nauli halafu mnadai kombe, masomo ya mtoto atayakumbuka saa ngapi? Mpeni mkataba. Kisha kila muhula mdaini kwanza matokeo ya darasani ya timu nzima, mchezaji kwa mchezaji, ndipo muulize habari za kombe.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu